Sista Nakhumicha Aliyekataa Nyota Nne

Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, Sista Immaculate Nakhumicha atavua sare yake kwa mara ya mwisho katika kliniki yetu ya magonjwa ya tumbo. Ametumika miaka thelathini na minne. Wanaotarajia kwamba ataondoka kimya hawamjui.

Alizaliwa Nakuru, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mpaka leo huzungumza kama mtu anayeshindana na treni. Alianza uuguzi kwenye zahanati huko Keringet, kisha akaja kwetu kuwahudumia watu ambao utumbo wao huvimba na kuchubuka. Ugonjwa huu hautoki. Unatulia, halafu unarudi na maumivu, damu na safari za chooni zisizoisha. Sista anawajua wagonjwa kwa majina, na anajua ni nani huona haya kutamka neno choo mbele ya daktari.

Programu za simu za kuwasaidia wagonjwa hawa zilipoanza kuletwa, hospitali iliunda kamati ya kupima ubora wake, na Sista akawekwa humo. Wataalamu kutoka Nairobi walikuwa wakizipima katika ukumbi wa hoteli, penye mtandao wa bure na sambusa. Sista akawaambia kwamba mgonjwa wake hashiki simu akiwa hotelini, anaishika akiwa amechuchumaa. Akawapeleka Molo, nyumbani kwa Mama Kui, mgonjwa wetu wa siku nyingi, asubuhi ya mvua na baridi.

Jamleck, aliyeunda mojawapo ya programu hizo, aliingia choo cha shimo, mkono mmoja ukishikilia mlango, mwingine simu. Vitufe vilikuwa vidogo na vidole vimekufa ganzi. Tukasikia kitu kikitumbukia shimoni, kisha yowe. Mama Kui akamwita kutoka nje: "Boss, wacha iende! Usiifuate!" Jamleck alinunua simu nyingine, akaongeza ukubwa wa vitufe. Leo programu yake ndiyo tunayowapa wagonjwa, na siku hizi hata mukimo inautambua kuwa ni chakula.

Lakini kazi kubwa zaidi ya Sista ni programu aliyoikataa.

Kaka yangu Ephantus aliendesha lori la viazi kutoka Molo. Alikuwa na ugonjwa huu, na alikijua kila choo kati ya Gilgil na Nakuru. Aliweka peremende mbele ya usukani kwa ajili ya walinzi waliomfungulia. Alijipakulia programu nyingine, nzuri kuitazama. Alipoanza kutoka damu nyingi, aliijaza kwa uaminifu. Ikamshukuru, ikamwambia anywe maji, apumzike, ajaze tena kesho. Kesho yake akajaza tena. Alipoletwa kwetu, muda ulikuwa umepita. Tulimzika mwezi wa Julai, na baadhi ya walinzi wale walikuja.

Baadaye mwaka huo, programu hiyo hiyo ikaletwa mbele ya kamati. Ilipata alama za juu kwa rangi, kwa michoro, kwa urahisi wa kuitumia. Alama zote zilipojumlishwa, ikawa na nyota nne kati ya tano. Sista alichukua simu iliyokuwa mezani, akajaza kama mgonjwa anayetokwa na damu siku baada ya siku, akawasomea wenzake jibu kwa sauti. Maji, kupumzika, kesho.

"Lori halina breki, na nyinyi mnalipa alama za rangi," akasema. "Hii kitu inamwambia mgonjwa aje hospitali lini?"

Mwenyekiti akamkumbusha kwamba wenye programu wameahidi kliniki simu mpya za bure.

"Basi wakae nazo."

Hakutia sahihi, na bila sahihi ya muuguzi wa kliniki haikuweza kupita. Aliitwa mkaidi. Aliitwa mtu wa zamani. Alihamishiwa wodi nyingine kwa miezi kadhaa, akaenda bila kununa, na kila siku ya kikao alikuwa wa kwanza kuketi, kikombe chake cha chai ya tangawizi mkononi. Mwishowe kamati ilichoka kabla yake. Sasa swali lake ndilo la kwanza katika upimaji wetu, na programu ikishindwa kulijibu, hatuangalii rangi yake.

Tunasikia kwamba ile ya nyota nne itarudishwa mwezi wa Aprili ikiwa na sura mpya, kwa kuwa Sista hatakuwepo. Irudi tu. Kamati imetenga kiti kimoja kwa familia za wagonjwa, nami nimekubali kukikalia. Nitakuja na simu ya Ephantus. Programu ile bado humtumia ujumbe kila asubuhi, kumwuliza anaendeleaje.

Sista, asante kwa kelele zako zote. Asante kwa kumshika mama yangu mkono siku Ephantus alipotutoka, bila kumwambia anyamaze. Tunakutakia asubuhi zisizo na zamu, tangawizi isiyokuishia jikoni, na afya ya kuwaudhi wote waliosubiri uondoke. Nenda ukapumzike bila wasiwasi. Mpaka lile swali lijibiwe, hatutii sahihi.

Njoki, Mapokezi, Kliniki ya Tumbo