Mwalimu Absalom Mukhisa, Aliyetunga Muziki kwa Ngurumo za Mashine, 1961–2008

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Absalom Mukhisa, ambaye leo Jumamosi tarehe 19 Julai 2008 tumemleta nyumbani, alizaliwa hapahapa Ndalu tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mukhisa na Mama Sellah, aliyeketi hapa mbele yetu.

Alianza masomo Ndalu mwaka 1968, akaendelea na sekondari mjini Kitale hadi 1980, kisha akasomea ualimu, na kuanzia Januari 1984 alifundisha hesabu na muziki mjini Bungoma, ambako kwaya zake zilifika mashindano ya kitaifa mara tano. Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa kanisani Bungoma na Nelima, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wilkista na Ivy.

Mwaka 2001 shule ilipokea kompyuta kuukuu za msaada, moja ikakosa pa kuwekwa, mwalimu mkuu akamruhusu kuichukua, na tangu hapo akaacha kwaya, jambo ambalo wengi hawakulielewa. Alinunua kinasa sauti kidogo, akanasa ngurumo za mashine ya kusaga hapa Ndalu, makelele ya soko la Cheptais, mvua juu ya mabati kule Saboti, kisha kwenye kompyuta akaikata milio hiyo vipande vyembamba kama mtu anayekata mboga ya sukuma, akavirefusha, akavigeuza, akavipanga upya hadi vikawa muziki. Vijana wa mashine walimuuliza, "Mwalimu, si hii inasaga tu, ama unaipeleka kwa daktari?" naye alicheka, akaendelea kunasa.

Tarehe 6 Desemba 2003 aliupiga muziki huo kwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja mjini Bungoma, watu thelathini na mmoja wakaingia, na baada ya nusu saa walikuwa wamebaki wanne, mmoja wao akiwa mlinzi aliyesubiri kufunga mlango. Walipokuwa wakikunja nyaya alimwambia Nelima kwamba anataka jambo moja tu kabla ya kufa, kazi moja ambayo watu wa kwao wataisikiliza hadi mwisho.

Februari 2006 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Eldoret wiki tano. Akiwa huko, mdogo wake Kizito alikwenda kuangalia nyumba, akawasha kompyuta, akabonyeza hapa na pale, ikanguruma na kukwaruza, akaamini imeharibika, akaibeba kwa roho safi hadi kwa fundi Kitale, ambaye alifuta kila kitu na kuirudisha ikiwa kimya. Miaka mitano ya kazi ilikwenda hivyo. Mwalimu aliporudi alikaa mbele ya kompyuta siku nzima, kisha akasema, "Wewe Kizito, bana, umeitibu kweli."

Alianza upya, mwili ukiwa umechoka, Jumanne na Ijumaa akienda kusafishwa damu, siku zilizobaki akilala zaidi ya kufanya kazi. Mashine ya Ndalu ilikuwa imewekwa mota mpya isiyonguruma vile, na soko la Cheptais halikufikika tena, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia vita vya kugombea ardhi kule mlimani. Ndipo alipomtafuta Chepchumba, aliyekuwa akiuza maziwa Cheptais na sasa amepanga chumba Kitale, akamwomba amfanyie soko kwa mdomo. Chepchumba alimjibu, "Ati nilie kama soko? Mwalimu, hizo dawa zimekuzidi," lakini alijaribu, akawaita wenzake, wakaita bei, wakaita mbuzi, wakaitana majina, na wengine wakalia kwelikweli. Kizito naye, aliyewahi kusaga mahindi kwa ile mashine ya zamani, alikuja kila Jumamosi kwa miezi kumi na minne, akaketi mbele ya maikrofoni na kunguruma hadi sauti ikamkauka.

Kazi ilimalizika tarehe 2 Julai 2008. Mwalimu alifariki Eldoret tarehe 11 Julai, saa nne asubuhi, Nelima akiwa amemshika mkono, kabla hajaipiga mbele ya mtu yeyote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret, majirani waliochimba kaburi na kuleta kuni, walimu wenzake wa Bungoma ambao walishika vipindi vyake kwa miaka miwili bila kunung'unika, akina mama wa Cheptais, na kwaya, iliyokubali kutuachia nafasi yake. Kabla ya mwili kushushwa, Kizito atawasha spika hizi mbili, na muziki wa marehemu utapigwa dakika kumi na moja. Tunajua wingu limetanda, chakula kiko tayari, wengi mmetoka mbali na mmechoka kama sisi, lakini tunawaomba mketi.

Mwalimu, tuko hapa, hakuna anayeondoka. Pumzika sasa, kwa amani.