Mlango wa Gari la Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, sogezeni na hicho kigoda, maana sauti yangu leo haifiki mlangoni, na haya nitakayoyasema sitaki jirani ayasikie kabla yenu. Zimeni redio. Wewe mkubwa, ilaze simu yako kifudifudi. Ofisi itakungoja, mimi sitangoja. Na msinikatize. Pumzi zilizobaki nimezipanga kama seremala anavyopanga misumari mdomoni: akikohoa mara moja tu, yote inamwagika.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na isiuzwe maadamu kuna mmoja wenu asiye na pa kulala. Chumba cha mama yenu apewe atakayezaa kwanza. Karakana ya nyuma, na jiriwa, na tupa zangu zote, nitasema baadaye ni za nani. Hayo ndiyo mepesi. Zito liko pale juu ya kabati, ndani ya sanduku la kioo, na sijasikia hata mmoja wenu akigeuka kulitazama.

Sikilizeni. Nilikuwa fundi wa bodi za magari miaka thelathini na nane. Magari yaliyobingirika mabondeni, yaliyobanwa kati ya malori mawili, yalitoka mikononi mwangu, mwenye gari akauliza lilipogongwa ni wapi. Na mke wangu mkunga, aliyekuwa akikimbilia wazazi mji mzima, aliendesha gari ambalo mlango wake wa abiria haukuwahi kufunga sawasawa. Kinyozi hajinyoi, walisema waliopanda, wakacheka. Yeye alimwambia kila abiria, "Uinue kidogo, ndipo uvute," na kwenye kona mliushika ninyi kwa mikono miwili mkipiga kelele za raha. Nami kila wiki nilimwambia, "Jumamosi nitautengeneza." Miaka kumi na mmoja ya Jumamosi. Akafa mlango ukiwa vilevile, gari likachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ndipo nikanunua lile boksi la gari la plastiki la kuunganisha, dogo, sehemu moja ya ishirini na nne ya gari lenyewe. Lilikuwa la jina lilelile, lakini la milango miwili, na la mama yenu lilikuwa na minne na mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Basi nikalikata katikati kwa msumeno mwembamba kama uzi, nikalirefusha kwa vipande nilivyochonga mwenyewe. Mkebe wa biskuti ukawa bampa, kioo cha saa mbovu kikawa taa, upindo wa gauni lake la bluu ukawa viti. Nikajaza mapengo putti, nikapiga msasa ndani ya maji, nikajaza tena, nikapiga tena, miezi kumi na minne. Na mlango wa abiria niliukata peke yake, nikautia bawaba za waya wa kibanio chake cha nywele, kisha nikaupinda kwa makusudi, uning'inie kwa upana wa unywele mmoja. Kupinda huko kulinila wiki tatu, maana kukosea kwa usahihi ni kazi kuliko kupatia. Mwingine angeona kasoro. Mimi nilikuwa namwomba mama yenu radhi.

Kila Jumamosi nililitoa, nikalifuta vumbi, nikauinua mlango kidogo, nikavuta. Jumamosi moja mwaka juzi, nikavuta, ukafunga. Tik! Ukafunga kama mdomo wa mtu mwenye meno mapya. Mlidhani mtoto wa jicho amenimaliza macho, sitajua kwamba hili si gari langu. Mlisahau kwamba vidole haviugui mtoto wa jicho.

Wiki ile baba yenu mdogo alikuwa ametutembelea. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yenu kuendesha gari lile, na aliniomba akae na hili dogo mwezi mmoja, nikamkatalia. Basi nikamwita mwizi mbele yenu, nikasema amechukua gari langu na kuniwekea la bandia. Akacheka, akidhani ni utani wetu wa siku zote. "Kaka, mimi kifungo cha shati natiwa na mke wangu, leo niunde gari?" Nikamwambia asiyejua kuunda huundiwa na wengine, atoke, asikanyage tena hapa. Na ninyi mlikuwepo. Wewe binti yangu ulikuwa unamimina chai, kikombe kikajaa, kikafurika, ukaendelea kumimina. Nikadhani unamlilia baba yako mdogo. Na wewe mkubwa ukasema, kwa sauti ya mtu mzima, "Baba yuko sawa. Mtu hajulikani." Neno hilo nimelilalia miaka miwili, mwanangu, na halijawahi kuwa mto laini.

Miezi sita baadaye, wewe ukiwa safarini, akaja mgeni na boksi kifuani, amelikumbatia kama kitoto kichanga. Akanipa shikamoo ya heshima kabisa. "Mzee, samahani kukusumbua. Mimi ndiye mkurugenzi wa mwanao. Ile zawadi uliyonipelekea, mlango wake umechomoka." Akanipakatisha gari langu. Nikapapasa bampa la mkebe. Nikapapasa viti, upindo wa bluu. Zawadi niliyompelekea! Ningeweza kusema neno moja tu, nawe ungeporomoka toka ghorofa ya tano ya ofisi yenu mpaka uwanjani. Sikulisema. Nikamwambia, "Karibu, mwanangu, niachie wiki moja." Nikamtengenezea, kwa vidole hivi, gari langu mwenyewe, nikamrudishia, akanishukuru mpaka nikaona haya kwa ajili yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe utakuwa umeishona wewe.

Nyamaza, mkubwa. Nimesema msinikatize. Sisemi wewe ni mtu mbaya. Ulitaka cheo, ukajua bosi wako anapenda vigari, na pengine ulijiambia mzee haoni, atajuaje. Wengi wameuza makubwa zaidi kwa madogo zaidi. Lakini ulipomwacha baba yako mdogo atoke mlango ule kichwa chini, pale hukutoa gari tena. Pale ulitoa mtu.

Na wewe, binti yangu, Fundi Meno wangu, uliyewarudishia kicheko nusu ya vibogoyo wa mji huu. Nilikujua kwa pua. Hili la kwenye kioo halinuki putti, linanuka ile dawa yako ya kutengenezea meno ya bandia. Nimelikagua kwa ukucha, kiungo kwa kiungo, na sikupata ufa. Nilikufukuza karakana ulipokuwa na miaka tisa, nikasema wasichana hawakai kwenye vumbi la rangi. Kumbe ulijifunza ukiwa dirishani. Umenishinda, mama. Umenishinda kwa kunidanganya, na sijui nilie au nitambe. Ila mlango uliuona umepinda, ukaunyoosha, kama fundi yeyote mwema angefanya. Hilo ndilo limeniua. Fundi mwingine asingejua. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa kiti kile. Wewe ndiye uliyekuwa ukiushika kwenye kona.

Lia, lakini lia polepole, nisikie ninachosema.

Na wewe mziwanda, hukutoa wala hukuunda. Ulinishika mkono tu ukaupeleka kwenye kioo, ukasema, "Gari lipo, baba, lipo palepale." Kimya kina mshindo mkuu. Ninyi mlikaa kimya chumba cha pili, nami huku nikaziba masikio kwa mshindo.

Nipe maji. Kidogo tu... basi.

Sasa langu mimi, maana mwenye kuhukumu wenzake aanze na nafsi yake. Tangu siku ya yule mgeni nilijua ndugu yangu hana hatia. Ilikuwa nivae viatu, nimwendee. Sikwenda. Nilisema nitangoja mseme wenyewe. Kila Jumamosi nilifuta vumbi gari hili la uongo mbele yenu, nikijua leo watasema. Nilikuwa nimewatega ninyi, na mtego ukaendelea kumbana yeye. Kwa hiyo msidhani mnazungumza na malaika. Jumamosi zangu nimezipoteza mara mbili.

Shikeni basi maagizo yangu. Kwa yule mkurugenzi msidai kitu. Hana kosa, na zawadi hairudishwi. Chini ya mto huu kuna kikopo cha vidonge. Kifungue, mziwanda. Umeona? Ndio mlango wenyewe, na waya wa kibanio cha mama yenu. Gari la yule bwana nililitia mlango mpya ulionyooka, akasema nimeuboresha. Kama huo nao ni wizi, niandikieni.

Binti yangu, karakana ni yako, na jiriwa, na tupa, hata ile nyembamba niliyokuwa naificha. Kazi yako ya kwanza humo ni kuung'oa mlango wako mzuri kwenye hili gari, utie huu. Usiunyooshe. Mkubwa akushikie taa, mziwanda akushikie gari. Ukining'inia sawasawa mtajua wenyewe, hamtahitaji kipimo.

La mwisho... subirini. La mwisho, jirani nimemtuma asubuhi amwite baba yenu mdogo. Atakuja, namjua, hajui kukasirika zaidi ya siku mbili, ila mimi nilimlazimisha miaka. Mtamwambia ninyi, kwa midomo yenu, mbele yangu, nikiwa bado nasikia. Kisha nami nitamwambia langu, kama pumzi itakuwepo. Siku ya kunizika, yeye atangulie mbele yenu wote.

Radhi zangu mnazo. Sizifungi kwa masharti, mimi si karani. Nendeni nazo... zaeni, zaeni watoto wanaosema. Mungu awape mikono mizuri, na... na iwe yenu kweli.

Hicho kikohozi... ni chake. Yuko uani. Anavua viatu, mjinga yule, kama mgeni.

Mfungulieni. Mlango wa chumba hiki umevimba kwa mvua, nilisema nita... Jumamosi...

Uinueni kidogo, wanangu. Ndipo mvute.