Marehemu Evodius Rweyongeza, Aliyechimbiwa Mapema

"Nitazikwa Alhamisi saa tatu usiku, na Alhamisi inayofuata nitakuwa kazini." Hayo aliyasema marehemu Evodius Rweyongeza redioni, mwezi Aprili 2017, na mtangazaji alicheka mpaka akashindwa kumwuliza swali lililofuata. Leo ni Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025. Hata siku hakuipata.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Kamachumu, wilayani Muleba, mtoto wa tatu kati ya sita. Alimaliza darasa la saba mwaka 1985 na kidato cha nne mwaka 1989. Shuleni anakumbukwa kwa kuigiza sauti ya mwalimu wa nidhamu akiwa amesimama nyuma ya mwalimu huyo huyo. Viboko alivyopata hakuwahi kuvikanusha.

Mwaka 1992 alikuja Pwani akawa karani wa ghala Dar es Salaam, na kuanzia 2012 alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Zegereni. Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na Elinipa. Walijenga Mkuza, wakajaliwa watoto wawili, Evaline na Onesmo.

Kikundi cha maigizo cha kanisani ndicho kilichomfikisha kwenye runinga. Katika tamthilia ya polisi iliyoitwa Jalada la Kumi alipewa nafasi ya Koplo Masumbuko, askari wa kaunta asiyefanya lolote ila kuandika maelezo ya watu. Watazamaji wakampenda kuliko wapelelezi wenye bastola. Kuna mama wa hapo Mkuza alipotelewa na kuku. Akampita mjumbe, akakipita kituo cha polisi, akaja kugonga kwa marehemu. Hakumfukuza. Alichukua daftari la hesabu la Onesmo, akaandika maelezo kurasa mbili, akamsainisha. Kuku walirudi wenyewe jioni, sifa akapewa koplo.

Basi watayarishaji wakamtengenezea tamthilia yake mwenyewe, Koplo Masumbuko, iliyoanza kuonyeshwa Alhamisi tarehe 6 Aprili 2017. Ilikufa baada ya sehemu sita. Sehemu ya saba ndiyo ile aliyojisifia redioni: koplo ajifanye amekufa, azikwe, ili muuaji ajitokeze msibani. Kwa ajili hiyo lilichimbwa kaburi la kweli, futi sita, katika shamba la mihogo la Bi Siwema, hapa Kurui, wilayani Kisarawe, tulipo sasa. Mchimbaji alikuwa Kibwana, mwenyeji wa hapa. Msalaba wa mbao ukaandikwa jina la koplo, na fundi rangi alipouliza tarehe ya kuzaliwa, marehemu alimtajia ya kwake. Hakuna mtu aliyekuwa amefikiria nyingine.

Masika ikazuia kazi siku nne, na kabla mvua haijakatika, kituo cha runinga kikaiondoa tamthilia hewani. Siku ya kupakia vyombo, Bi Siwema alimfuata mtayarishaji, Hashiru, akamwambia kwamba kwao kaburi likichimbwa haliachwi wazi kama sufuria. Asipokuwepo maiti hulazwa mgomba, likafukiwa kwa heshima. Hashiru alisema watarudi Jumatatu. Marehemu akachukua panga akate mgomba mwenyewe. Bibi akamshika mkono.

"Wewe usiguse, mwanangu. Mtu hajiziki. Na mimi siwezi kumzika mtu wa watu. Waite ndugu zako."

Ndugu zake ndio sisi. Tulicheka.

Jumatatu ya Hashiru haikufika, na ya kwetu pia haikufika. Mke wa marehemu alisema tumalize kwanza kuezeka. Mpwa wake Laurean, anayesoma wasifu huu, aliahidi mara tano. Mara mbili alifika Kisarawe mjini, akala chipsi, akarudi.

"Diploma umeiacha katikati," marehemu alimwambia mbele za watu, "na mgomba nao umekushinda?"

Laurean alijibu kwamba mjomba amekosa tamthilia, sasa anaigiza uchawi. Sebule nzima ilicheka. Marehemu alicheka pia, kisha akainuka akaenda kukaa nje.

Kila mwaka, mwezi Mei, alikuja Kurui peke yake. Alisimama nje ya miba ambayo Bi Siwema aliizungushia shimo ili mbuzi wasitumbukie. Akirudi nyumbani taarifa yake ilikuwa moja: mvua zote hizi, kingo hazijabomoka, na udongo uliotolewa haujaota jani. Kule Zegereni vijana wa stoo walizoea kumwita Masumbuko, naye akiitika. Baadaye akaanza kuitika hata pale ambapo hakuna aliyeita. Tuliona. Tukabadilisha mazungumzo.

Mwaka 2023 iligundulika kuwa shinikizo la damu lilikuwa limekwisha kumharibu figo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa uvumilivu, akiwasainisha wauguzi maelezo. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 1 Septemba mwaka huu, na kila aliyemletea uji alimwuliza swali lile lile: "Lipo wazi bado?" Mkewe alimwambia tutakwenda Jumatatu.

"Basi msinichimbie jingine, Mama Evaline. Mtu mmoja makaburi mawili ni uroho."

Jumatatu ilifika. Hakuna aliyekwenda. Alifariki kesho yake, tarehe 9 Septemba, saa nane mchana.

Leo asubuhi Kibwana alishuka kaburini na jembe ili alirekebishe. Alisimama humo kidogo, akapanda bila kuongeza wala kupunguza kitu. Msalaba ni ule ule. Bi Siwema aliuhifadhi ndani kwake miaka yote. Jina limefutwa likaandikwa la kweli. Tarehe ya kuzaliwa haikuguswa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na mpwa. Mungu ampe pumziko lisilo na sehemu ya saba.

Mgomba mmoja hapa Kurui, ukikatiwa na kubebewa mpaka shambani, ni shilingi elfu mbili.