Diski za Mvua ya Julai: Maisha ya Gerlinde Brasse, 1939–2019

Marehemu Gerlinde Brasse, wa ukoo wa Wüstersiepen, alizaliwa tarehe 6 Februari 1939 katika nyumba iliyopakana ukuta na kiwanda cha baba yake, bonde la Eschbach, chini ya mji wa Remscheid. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Hugo na Adelheid Wüstersiepen. Kaka yake Ewald, ambaye yuko nasi leo kwenye kiti cha mbele, alimtangulia kwa miaka minne. Tulipokaa kuandika wasifu huu, Mzee Ewald alisema, "Someni yote. Msinifiche." Basi tunasoma yote.

Maisha ya marehemu hayaelezeki bila kiwanda. Babu yake, Julius, alikianzisha mwaka 1887 kwa gurudumu moja la maji, akisaga tupa huku uso ameuinamisha juu ya jiwe linalozunguka. Alivuta vumbi hilo mpaka likamwua kabla hajafika hamsini. Hugo aliachana na tupa akaufuata umeme. Mwaka 1926 alianza kuoka mawe ya kusagia ya mashine na kutengeneza biti za drili. Pale bondeni watu walikuwa na msemo kwamba Wüstersiepen hazeeki, hufukiwa kutoka ndani. Gerlinde alikua akiamshwa na kikohozi cha baba yake, na asubuhi kilipochelewa mama yake alisimama mlangoni akisubiri, mkono kifuani, mpaka akisikie. Mji ulipoungua Julai 1943, kiwanda kilibakia kuta. Hugo alizichimbua mashine majivuni, akaanza upya.

Alisoma shule ya msingi ya bondeni, akapata kipaimara mwaka 1953, kisha akaenda Wuppertal kusomea kazi ya maabara ya kemia, 1955 hadi 1958. Alifaulu vizuri na kampuni mbili za rangi zilimtaka. Alirudi nyumbani. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba pale nyumbani kuna kitu kinazunguka na hakuna anayekitazama.

Aprili 1958 alikabidhiwa chumba cha majaribio. Wakati huo grenda za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia kila karakana, na kiwanda kilikuwa kimejifunza kutengeneza diski nyembamba za kukatia chuma. Chenga kali zilishikwa kwa gundi, katikati ukalazwa wavu wa nyuzi za kioo wa kuzuia diski isitawanyike, kisha zikaokwa. Kazi ya Gerlinde ilikuwa kuchukua diski chache katika kila mkupuo, kuzifungia ndani ya sanduku zito la chuma, na kuzizungusha mpaka zipasuke. Aliyepita nje alisikia mlio ukipanda, ukipanda, halafu kishindo. Diski nzuri ilipasukia mbali sana juu ya kasi ya grenda yoyote. Diski mbaya ingepasukia mikononi mwa mtu.

Hugo alifariki Machi 1964, mapafu yamejaa. Ewald akashika kiwanda akiwa na miaka ishirini na tisa.

Julai 1966 mvua ilinyesha bila kupumzika, mto Eschbach ukapanda, maji yakaingia stoo ya nyavu. Maagizo ya wateja yalikuwa mengi. Ewald akaamuru nyavu zianikwe juu ya matanuri, zikakauka, zikatumika. Diski zilizotoka humo zilipita majaribio, na Gerlinde mwenyewe alizipitisha. Zikaenda Hagen, Siegen na Lüdenscheid, na makasha mengine yakapelekwa bandari ya Hamburg kwenda ng'ambo.

Gerlinde alikuwa na desturi ya kubakiza diski kadhaa kwenye rafu. Mwishoni mwa Agosti alizungusha moja ya zile za Julai, ikapasuka kwa kasi ya chini kuliko zile za awali. Wiki iliyofuata akazungusha nyingine. Chini zaidi. Unyevu ulikuwa umejificha ndani, na gundi ilikuwa inaziachia nyuzi polepole, kimyakimya, katika kila diski iliyokaa kwenye rafu ya kila duka. Akapanda ofisini.

"Kaka, diski za Julai zinaoza."

"Tangu lini jiwe likaoza, Linde? Zilipita."

"Zilipita siku ile. Sasa zinashuka. Wiki ijayo zitashuka tena."

"Bado ziko juu ya kasi ya grenda, haziko?"

"Kwa leo."

"Basi ziko juu." Ewald alisogeza kiti. "Nikizirudisha, nani atanunua tena kitu chenye jina letu? Nusu ya bonde inakula hapa."

"Na huyo anayeishika?"

"Usinitabirie msiba, wewe. Shuka ukafanye kazi."

Alishuka. Siku hiyohiyo alipakia maboksi ya diski nzima kwenye gari la kiwanda, akaanza kuzunguka madukani kubadilisha boksi kwa boksi. Hakutaka kumvunjia kaka yake jina, kwa hiyo alisema zile za zamani zina kasoro ya rangi. Muuza duka mmoja wa Hagen alimtazama kwa mashaka.

"Rangi tu? Niachie basi, dada. Mimi nauza kwa mafundi, siuzi kwa wachoraji."

"Nipe tu, mzee wangu. Nisaidie."

"Mbona una haraka hivyo?"

Alichukua boksi, akaondoka. Ewald alipogundua, alimnyang'anya ufunguo wa gari, na Gerlinde akaendelea kwa treni, mfuko mzito kila mkono. Na kila aliporudi alizungusha diski nyingine, na kila mara kishindo kilikuja mapema kuliko mara iliyopita.

Jumatatu, tarehe 17 Oktoba 1966, alifika Lüdenscheid asubuhi. Rafu ilikuwa tupu.

"Zimeisha Jumamosi," mwenye duka alimwambia. "Alizibeba fundi mmoja wa mageti."

"Anakaa wapi?"

"Nitajuaje, mama? Alilipa, akaenda zake."

Alitembea mtaa hadi mtaa akisikiliza sauti ya grenda. Alizisikia nyingi, mji ule ni wa chuma. Aliingia karakana moja, akaingia ya pili, akiomba kuona boksi, watu wakimcheka. Kwenye ya tatu grenda ilikuwa kimya, mlango uko wazi, na mwanamke alikuwa akimwaga maji juu ya damu sakafuni.

Fundi huyo alikuwa Winfried Brasse, miaka thelathini na moja, na alikuwa akikata nondo ya mkono wa ngazi diski ilipopasuka. Jicho lake la kushoto lilikwenda, na taya likavunjika. Gerlinde alimkuta hospitalini, kichwa kizima kimefungwa bendeji isipokuwa upande mmoja.

"Mimi natoka kiwandani," alimwambia.

Winfried alisema kwa meno yaliyofungwa waya, "Umefuata diski yako?"

"Nimekuja kuona nilichofanya."

"Wewe una bahati. Una mawili ya kuonea."

Alirudi kesho yake, na Jumapili iliyofuata, na nyingine. Kwanza Winfried alimfukuza, kisha akamtania, mwisho akawa anauliza wauguzi kama treni ya Remscheid imechelewa.

Jioni ya ajali, Ewald aliamuru diski zote za Julai zirudishwe, hadharani, kwa sababu ya kweli. Zilirudi nyingi. Makasha ya ng'ambo hayakurudi, wala habari zake hazikuja. Kwa miaka mingi simu ilipolia pale kiwandani Gerlinde alisimama, asiipokee, akimwangalia usoni aliyeipokea. Kaka na dada waliongea ya kazi tu.

Tarehe 11 Mei 1968 Gerlinde alifunga ndoa na Winfried katika kanisa hili. Wengi walinong'ona kwamba anaolewa kwa toba. Mama yake alimwuliza waziwazi, naye akajibu, "Toba ningeitoa sadaka, mama. Huyu nimempenda." Watu wa rika lake wanakumbuka kwamba, wageni wakila keki za cheri na malai, bibi arusi alianza kuzigonga sahani za zawadi moja moja kwa mpini wa kisu, sikio limeinama, kama alivyogonga mawe ya kusagia kutafuta ufa. Mbili aliziweka kando. "Hizi zimeshakufa," alisema, na shangazi aliyezileta alikuwa amekaa hapohapo. Winfried alicheka mpaka akashika taya. Ewald hakuhudhuria. Mwaka 1971 Mungu aliwajalia mtoto wao wa pekee, Reinhold.

Gerlinde aliongoza majaribio mpaka alipostaafu mwaka 1999. Kila waajiriwa wapya walipoingia, alimleta mumewe kiwandani. Winfried alilitoa jicho lake la kioo, akaliweka mezani mbele yao, akasema, "Mwenzangu huyu ndiye aliyelipia kazi mbovu ya mtu mwingine. Haya, kazi njema." Haikuwahi tena kutoka diski mbaya pale, ingawa Gerlinde hakukubali kusemewa hivyo. Alikuwa akisema, "Haijapasuka bado."

Mwaka huohuo wa kustaafu kwake, Ewald aliuza kiwanda. Mwaka 2005 wenye mali wapya walihamishia kazi nchi nyingine na kuondoka na jina. Sanduku la majaribio halikuhitajika. Lilikatwa vipande vya chuma chakavu palepale uani. Gerlinde alisimama kwenye uzio tangu asubuhi.

"Twende nyumbani, Linde," Winfried alimwambia. "Baridi hii."

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Wanakata kwa diski ya nani."

Baada ya hapo, kila alipokuwa dukani, alizikuta diski zenye jina la baba yake zimepangwa kwa mamia, rahisi, zinang'aa. Aliwaandikia wenye jina akauliza nani anazijaribu na wapi. Walimjibu kwa kalenda na kalamu ya zawadi.

Winfried alitangulia mbele za haki tarehe 2 Septemba 2011. Mwaka 2016 Gerlinde alianza kukohoa. Daktari alipomwonyesha picha ya kifua, alisema, "Nilikuwa nakisubiri. Kimechelewa njiani." Lilikuwa vumbi lilelile la Julius na Hugo. Alipungua taratibu, akaanza kulala amekaa, na hakutaka dirisha lifunguliwe majirani wakiwa kazini na grenda zao.

Ndipo Ewald alipoanza kuja, kila Alhamisi, na mkate wa ngano nyeusi na siagi. Siku moja kaka aliweka kisu chini.

"Zimebaki ngapi, unadhani? Zile za makasha."

"Sijui. Na wewe hujui."

"Miaka hamsini, Linde. Zimeshatumika zote."

"Pengine. Au ziko kwenye boksi, mahali pakavu, na mtu amezifurahia leo kwamba ni mpya."

Ewald alilia. Dada yake alimsogezea kikombe, akamwambia, "Kunywa kahawa, Kaka. Tumeshakuwa wawili wa kukosa usingizi. Ni nafuu kuliko mmoja." Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, kaka yake amemshika mkono.

Aliacha ombi moja, na alitaka lisomwe wakati sote tuko hapa, kabla jeneza halijashushwa. Mkitoka hapa, kabla ya kahawa ya msiba, pitieni karakana na vibanda vyenu. Chukueni kila diski ya kukatia mliyonayo. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati kuna tarehe. Ikiwa imepita, ivunjeni, hata kama ni mpya, hata kama ina jina letu. Hasa ikiwa ina jina letu. Jana jioni Mzee Ewald alikwenda peke yake kwenye kibanda chake. Alikuta maboksi mawili yenye jina letu, tarehe imepita.

Marehemu ameacha mtoto wake Reinhold na mkewe Dorothee, wajukuu Henrike na Jost, kaka yake Ewald, na binti wa kaka yake, Annegret, anayesoma wasifu huu. Bwana ampe Gerlinde usingizi alioukosa, na awaweke macho wote watakaowasha mashine kesho asubuhi.