Wasifu wa Fundi Sentimita, Aliyesimamisha Treni Siku ya Foleni

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Sentimita, alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa karani wa stesheni ya reli na mkunga. Alizaliwa nyumbani, mama yake akitoa maelekezo yote mwenyewe. Bibi alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa mtoto huyo kufuata maelekezo bila kuuliza kwa nini.

Alisoma shule ya msingi karibu na stesheni kuanzia mwaka 1963, kisha akajiunga na shule ya ufundi, alikohitimu umakanika Novemba 1974. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wake wa michoro aliandika kwenye ripoti: "Anachelewa kumaliza, ila kazi yake hairudiwi." Babu alimkaripia kwa nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Baba aliitunza ripoti kwa ajili ya nusu ya pili, na bado imo kwenye sanduku lake la vyeti.

Baada ya miaka tisa katika gereji ya mabasi, aliajiriwa Aprili 1984 kwenye uwanja wa burudani, miezi miwili kabla haujafunguliwa. Bembea kubwa ya duara ilikuwa imenunuliwa ikiwa imeshatumika, na ilifika ndani ya makreti arobaini na moja. Baba na wenzake watatu waliiunga kwa wiki saba. Mwaka 1991 alifanywa msimamizi wa mashine zote: bembea, farasi wa kuzunguka, magari ya kugongana, na treni ndogo ya kupanda na kushuka, ambayo ndiyo iliyovuta watu kutoka wilaya zote za jirani.

Uwanja wa mkoa si mkubwa, na wiki kumi za likizo ndizo zinazoubeba mwaka mzima. Miezi ya mvua ni ya kupaka rangi na kufungua gia. Baba aliipenda miezi hiyo, lakini alijua kazi yake hasa ni nini. Alituambia mara nyingi, akivua viatu mlangoni: "Kazi yangu ni moja tu. Kila aliyepanda ashuke kama alivyopanda." Kila asubuhi treni ilizunguka mara mbili ikiwa na mifuko ya mchanga vitini, na mara ya tatu ikiwa na yeye peke yake, amefunga mkanda, uso umetulia kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Tarehe 12 Septemba 1987 alimwoa Mama, fundi cherehani aliyeletwa kushona vifuniko vya viti vya bembea. Baba alimwalika apande aione kazi yake ikiwa juu. Mama akamjibu, "Mimi ndiye niliyeshona, najua uzi niliotumia." Baba alifungua mishono yote, akamnunulia uzi wa turubai, wakashona upya pamoja kwa siku nne. Mama hajapanda hadi leo. Walijaliwa watoto watatu.

Jina la Sentimita lina habari yake, na Baba mwenyewe alitaka isemwe siku kama hii bila kupunguzwa. Mei 1998 alisimamia uwekaji wa vigae vipya mbele ya treni. Ukutani hapo kulikuwa na kibao cha kupimia kimo: mtoto asiyefika alama ya sentimita mia na ishirini hapandi, kwa sababu nondo ya kumshikilia kifuani haimbani. Vigae na saruji yake viliinua sakafu. Kibao kilibaki pale pale. Hakuna aliyeliona hilo, na Baba pia hakuliona.

Jumamosi ya tarehe 20 Juni, likizo ikiwa imepamba moto, bibi mmoja alifika na mjukuu wake wa kike na kumwambia Baba, "Fundi, huyu mlimkataa mwezi wa nne, na leo amepita. Namlisha nini mimi kinachomrefusha hivi?"

Baba alicheka naye. Kisha akaacha kucheka, akachukua futi kamba na kupima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Ilikuwa sentimita mia moja na kumi na nne na nusu. Kwa majuma matatu, watoto wafupi kuliko inavyotakiwa walikuwa wamepandishwa. Alisimamisha treni papo hapo, foleni ikiwa imefika vyooni.

Mwenye uwanja alikuja mbio. "Kuna mtoto ameumia?"

"Hakuna."

"Kuna mzazi amelalamika?"

"Hapana, mzee."

"Basi sogeza kibao kesho asubuhi, kimyakimya. Leo tunakula."

"Treni imesimama, mzee. Na nitawaambia kwa nini."

Alipanda kwenye benchi na kuwaambia watu wa foleni. Wengine walimzomea, wengine walidai pesa za tiketi zao. Jioni aliandika kwenye daftari la ukaguzi, kwa herufi kubwa: KOSA NI LANGU. NILIPIMA VIGAE, SIKUPIMA KIBAO.

Jumatatu alivuliwa usimamizi na kupelekwa getini kukata tiketi. Alikaa huko miezi kumi na minne. Wenzake walimpachika jina hilo la Sentimita, na kila asubuhi walimwuliza, "Leo umeamka na kimo gani?" Nyumbani hakulalamika, ila Mama anasema alikuwa akipima meza, milango, hata watoto tukiwa tumelala. Agosti 1999 mkaguzi wa bima alilisoma lile daftari na kuuliza aliyeandika ukurasa ule yuko wapi. Alipoambiwa yuko getini, alisema hatasaini chochote hadi mtu huyo arudi kwenye mashine. Baba alirudi siku iliyofuata. Alistaafu Desemba 2016, baada ya kumfundisha kazi kwa miaka sita mwanamke tunayemwita Dada Spana, ambaye ndiye msimamizi sasa.

Mwaka 2021 Baba aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Aliuvumilia kwa utulivu, ingawa hospitalini aliwachosha wauguzi kwa kukagua breki za kitanda. "Mzee, hiki ni kitanda," muuguzi mmoja alimwambia. Akamjibu, "Kina magurudumu, mwanangu." Siku tatu kabla ya kifo chake, Baba aliambiwa na Dada Spana kuwa uwanja ungefungwa siku ya mazishi yake. Baba akasema, "Mkifunga, fungeni kabisa. Mkifungua, muwe wote. Msifungue huku nusu yenu mko makaburini." Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 10 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili. Wenzake wa kazini hamwaoni hapa. Hii ni wiki ya mwisho ya likizo. Wameamua kufungua, kwa hiyo wako wote kazini, na familia haina kinyongo. Asubuhi hii Dada Spana alimpigia Mama simu. Alisema, "Shangazi, nimekagua. Vyote vinazunguka isipokuwa treni. Kuna bolti moja siielewi, nimeisimamisha treni. Foleni inanung'unika."

Mama akamwambia, "Waache wanung'unike," kisha akatugeukia na kusema tunaweza kwenda kumzika.

Pumzika, Baba. Wengine wako zamu.