Kurumbiza Hakunyamaza: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Uani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika gazeti hili, mhariri wetu wa habari anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Atazima kompyuta, atachukua kikombe chake kisicho na kishikio na atatoka kwa mlango wa nyuma, kama alivyozoea. Wachache humwita kwa cheo chake. Kwetu sisi, na kwa wasomaji wengi ambao hawajapata kumwona kwa macho, yeye ni Mama Uani, jina alilolipata kutokana na safu yake ya kila Jumamosi, ukurasa wa mwisho.

Alianza kazi kama mwandishi wa habari za mahakama. Huko ndiko alikojifunza kukaa kwenye benchi gumu kutwa nzima bila kusinzia, ujuzi uliomfaa baadaye alipoanza kuwangoja ndege. Alipohamishiwa dawati la habari akawa mkataji. Mwandishi alipeleka habari ndefu ikarudi fupi, akaitafuta iliyopotea asiione. Ukienda kulalamika, alikuwa na swali moja tu: "Nani kakwambia?" Ukiwa na jibu, sentensi yako ilirudi mahali pake. Ukiwa huna, ulikwenda zako kunywa chai.

Safu ya Uani ilizaliwa kwa ajali. Mwenye tangazo la ukurasa wa mwisho alilighairi jioni, ukurasa ukabaki na shimo, na mhariri mkuu wa wakati huo akaomba chochote, hata kiwe nini. Mama Uani alitazama dirishani. Jengo letu lilikuwa nyumba ya kuishi kabla ya kuwa ofisi, na nyuma yake bado kuna ua wenye tangi la maji, bomba linalovuja tangu enzi za mababu, mpapai mmoja, uzio wa michongoma na viti vibovu vinavyosubiri fundi asiyekuja. Ilikuwa wiki ya mgao wa maji. Aliandika kuhusu nyuki waliokuwa wamepanga foleni kwenye bomba lile linalovuja, na jinsi foleni yao ilivyokuwa haina mtu wa kuisimamia wala wa kuiruka. Jumatatu simu zikaanza. Wasomaji hawakuuliza maji yatarudi lini. Waliuliza nyuki wanaendeleaje.

Tangu hapo ikawa ndiyo njia yake. Jicho moja kwenye habari, jingine uani. Wiki za umeme kukatika aliandika kuhusu mijusi wa chini ya taa ya nje, ambao ghafla hawakuwa na kazi kwa sababu wadudu hawana sababu ya kuja kwenye taa isiyowaka. Siku ya bajeti aliandika kwamba konokono alianza kuvuka njia ya saruji waziri alipofungua mkoba wake redioni, akafika upande wa pili waziri akiwa bado anasoma. Hakuongeza neno. Wasomaji walicheka wiki nzima, naye akashangaa wanacheka nini, maana kwake ile ilikuwa taarifa ya konokono.

Hili lazima lielezwe vizuri, kwa sababu lilimletea maneno mengi. Mama Uani hakuwahi kumtumia mnyama kumsema mtu. Aliona ni kumwonea mnyama. Msimu mmoja wa uchaguzi aliandika kuhusu kenge aliyehamia nyuma ya tangi na kula mayai ya ndege wote wa jirani huku akiota jua kwa raha zake. Asubuhi yake akapiga simu msemaji wa mheshimiwa mmoja, amewaka, akidai bosi wake ametukanwa. Dawati zima lilisikia jibu. "Baba, kenge ni kenge. Ana mkia. Ningetaka kumsema bosi wako ningemtaja jina lake lote, na ukurasa wa kwanza, kwa sababu ndiyo kazi niliyoajiriwa." Wiki mbili baadaye alimtaja jina lake lote, ukurasa wa kwanza, kwa mambo mengine kabisa yaliyokuwa na ushahidi. Kenge hakutajwa.

Mwenyeji maarufu zaidi wa ua ule ni kurumbiza. Kwa wasiomjua, ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, na ana sauti ambayo huwezi kuamini imetoka kwenye mwili mdogo namna ile. Tena ni mwigaji. Dereva wetu ana kawaida ya kupiga mluzi akifika, sauti tatu, ya mwisho ikipanda, ili wanaosafiri watoke. Kurumbiza aliushika. Mpiga picha wetu amewahi kutoka mbio na mfuko wake wa kamera begani, akakuta geti limefungwa, gari halipo, na ndege juu ya tangi anamtazama kwa upande. Alirudi ndani akisema maneno ambayo Mama Uani aliyakata kwenye safu.

Sasa tufike kwenye Alhamisi moja ya mwaka juzi, ambayo kila aliyekuwepo anaikumbuka.

Gazeti hili lina desturi ambayo magazeti mengine yameiacha. Kabla ukurasa haujaenda mtamboni husomwa kwa sauti. Msahihishaji mmoja anasoma, mwenzake anafuata kwa kalamu, na mwenye makala anaruhusiwa kukaa hapo na kusikia. Mama Uani alikuwa akikaa kila mara, mkabala na msomaji, macho kwenye midomo yake. Tulidhani ni ukali.

Wiki ile habari kubwa ilikuwa amri ya halmashauri kupiga marufuku vipaza sauti sokoni. Wachuuzi walikuwa wamenuna, wateja walikuwa wamepotea njia, na safu ya Uani ilikuja na kichwa cha neno moja, "Kimya". Aliandika kwamba si soko peke yake. Kurumbiza naye hakuwa ameimba kwa miezi. Alimwona akirukaruka, akila, akioga kwenye dimbwi la bomba, lakini sauti hakuna. Kisha akaandika chanzo, kwa kadiri alivyoona: fundi wa karakana ya jirani alikuwa amefyeka vichaka vyake vyote, na ndege aliyevunjiwa nyumba haimbi.

Feni ilikuwa imeharibika, kwa hiyo dirisha lilikuwa wazi. Msahihishaji wetu wa siku nyingi, tunayemwita Mama Miwani, alisoma hadi kwenye sentensi ya ndege kutoimba, akasita. Akaisoma tena. Mwenzake akanyanyua kalamu, akaiacha hewani. Nje, juu ya tangi, kurumbiza alikuwa akiimba kwa nguvu zake zote, na alipomaliza wimbo wake akatia mluzi wa dereva.

"Mbona mmenyamaza?" Mama Uani aliuliza.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama Miwani ndiye aliyeweka karatasi chini, akamwambia taratibu, kama anavyomwambia kila mtu, "Dada, anaimba. Anaimba sasa hivi."

Mama Uani aligeuka dirishani. Alimwona ndege, akaona koo linavyotetemeka na mdomo unavyofunguka na kujifunga. Kisha akauliza kama anavyomuuliza mwandishi yeyote: "Nyote mnasikia?" Tukasema ndiyo. "Na jana?" Na jana. "Na wiki iliyopita?" Mpiga picha akasema, "Mama, huyo wiki iliyopita ndiye aliyenitoa mbio."

Mtambo ulikuwa unasubiri. Mhariri mkuu alijitolea kuweka tangazo pale, mambo yaishe. Ungekuwa mlango rahisi, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliukataa. Alichukua kalamu ya msahihishaji, akaacha kichwa cha habari kama kilivyo, akafuta yote ya fundi na akaandika upya hapohapo mezani, watu wamesimama. Wengi wetu tunaikumbuka aya ya kwanza: "Nilikuwa tayari kukuambieni leo kwamba kurumbiza wangu amenyamaza, na nilikuwa tayari kumlaumu jirani. Ndege hajanyamaza. Ni masikio yangu yanayomkosa. Wenzangu wanamsikia, nami nawaamini, kwa sababu tangu nianze kazi hii sijawahi kuwakuta waandishi sita wanakubaliana kwa jambo la uongo."

Halafu akavaa viatu akavuka kwenda karakana. Makala ya kwanza haikuchapwa, fundi hakujua lolote, na hakukuwa na haja ya kumwambia. Alimwambia hata hivyo. Fundi alifuta mikono kwa tambara, akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Yule ndege? Mama, mbona ananikatiza usingizi wa mchana kila siku ya Mungu? Nilifyeka vichaka nikidhani atahama. Akahamia kwenye bati."

Nyumbani, mume wake, ambaye ni fundi umeme mstaafu na mtu wa maneno machache, alisema alikuwa ameshangaa kwa muda mrefu mbona redio yao inasikika hadi kwa majirani. Alidhani mke wake amekasirikia taarifa ya habari. Kwa mhariri, alisema, si jambo la ajabu.

Daktari alimpa kifaa cha masikio. Kilimsaidia kwa watu, ila sauti nyembamba za juu, zile hasa za ndege, hazikurudi. Jumatatu iliyofuata aliingia kwa mhariri mkuu na kuomba safu ifungwe. Hoja yake ilikuwa fupi. Safu ile ilisomwa kwa sababu ilikuwa ya kweli, na mtu anayesikia nusu ya ua hawezi kuuandika wote. Alikuwa amekwisha kujikata, kama alivyotukata sisi. Mhariri mkuu, ambaye katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumshinda kwa hoja, alimuuliza swali moja tu: mkutano wa rais na wafadhili uliokuwa ukurasa wa kwanza wiki jana, aliuhudhuria? Hakuuhudhuria. Basi aliuchapaje? Mama Uani akasema alikuwa na mwandishi pale ndani. Mhariri mkuu akanyoosha mkono kuelekea chumba cha habari, kilichojaa waandishi.

Ndivyo tulivyogeuzwa waandishi wa ndege. Mwanzoni tulikuwa kichekesho. Mwandishi wa michezo alileta taarifa kama utangazaji wa mpira: kurumbiza anaanza pembeni, anapanda, anapanda, anarudisha nyuma. Ilikatwa. Mwandishi wa mahakama aliandika kwamba kwa kadiri ya ufahamu wake sauti hiyo ilidaiwa kutoka mpapaini. Ilikatwa pia. Mhasibu, ambaye hakuwa amealikwa, alianza kuja na ripoti za popo. Mama Uani alimkabili kila mmoja kwa swali lilelile, nani kakwambia, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tulikuwa na jibu tamu kuliko yote katika kazi hii: nimesikia mwenyewe.

Tulijifunza, tukipenda tusipende. Tulijifunza kwamba chiriku hugombana asubuhi na njiwa hulalamika mchana, kwamba chura wa kwenye dimbwi huanza kabla ya mvua na si baada yake, na kwamba mtu aliyezoea kusikiliza ua husikiliza watu vizuri zaidi. Mwandishi wetu wa siasa anakiri kwamba mahojiano yake yameboreka tangu aanze kungoja watu wamalize kusema. Safu nayo ikabadilika. Zamani ilikuwa sauti yake peke yake. Miaka hii miwili imekuwa na "dereva anasema", "Mama Miwani amesikia", "fundi wa karakana analalamika tena". Wasomaji wameipenda zaidi, na barua zao nyingi sasa zinaanza kwa maneno "na huku kwetu nimesikia".

Kazi yake haikuishia uani. Waandishi aliowafundisha kukata wako katika vyumba vya habari vingi, wakiwatesa wengine kwa swali lake. Gazeti hili halijashindwa kesi hata moja ya kashfa iliyotokana na habari iliyopita mikononi mwake. Na kwa kuwa yeye mwenyewe angekata aya hii kama ikirefuka, tunaiacha hapo.

Safu itaendelea. Alilikubali hilo wiki iliyopita, kwa masharti. Ataandika kutoka nyumbani kwake, ambako ana ua wake mwenyewe wenye mpera, paka mvivu na kinyonga ambaye bado hajaelewana na paka. Mume wake atakuwa mwandishi wake wa huko, na tayari amelalamika kwamba makala yake ya kwanza, ya maneno kumi na mawili, imekatwa. Sisi tutamletea za huku kwa ujumbe wa simu, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu. Kiti chake cha dirishani hakitahamishwa.

Mama Uani, tunakushukuru kwa kila sentensi uliyotunyima. Tunakushukuru zaidi kwa ile Alhamisi, ulipotuonyesha mbele ya mtambo unaosubiri jinsi mtu anavyojisahihisha. Tunakutakia pumziko refu, afya njema na ua wenye kelele nyingi.

Taarifa ya kwanza ya zamu ni hii. Dirisha liko wazi, dereva ameketi hapa ndani anakunywa chai, na mluzi wake unasikika juu ya tangi. Hatujaambiwa na mtu. Tumesikia wenyewe.