Kiti ya Mbele

Pirogi yetu, mtumbwi wa injini, ilikuwa imetoka upande wa mjini kuelekea Alunguli, ng'ambo ya mto. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyeingia nayo na kutubana sote, alikuwa anatazama mashindano ya magari kwenye simu. Mama Émilienne, muuza samaki tunayemjua sote, akainama kutazama naye.

"Wakati ya vita ya Hitler," akamwambia, "baba yangu alitumika na Mufaransa mumoja, Bwana Armand. Kwao alikuwa bingwa wa mambo hayo. Huku aliendesha kamyo ya madini, Kampene mpaka Kindu."

"Bingwa, kwenye barabara ya Kampene?" Motari alicheka. Barabara ile ya mashimo na matope anaijua, nani haijui?

"Huku hakushindana tena. Na kiti ya mbele, pembeni yake, hakuna muntu aliikalia. Baba alipanda nyuma, juu ya magunia."

"Ule njo ukoloni, mama. Hakutaka mweusi karibu yake."

"Hapana, mutoto wangu. Zamani, kwenye mashindano, fundi alikaa ndani ya gari pamoja na dereva. Fundi wake alifia pale pembeni yake. Hata padri muzungu alipandishwa nyuma."

Padri juu ya magunia: hapo nilianza kumpenda kidogo Mufaransa huyo.

Motari akazima simu. "Na mvua ikinyesha?"

Pirogi iligusa ukingo. Mama Émilienne akajitwika beseni lake la samaki, akashuka majini kwanza.

"Baba alilowa," akasema. "Kiti ilibakia kavu."